Kongamano la chama au kozi ya ISO? Nipo maabara Kigoma, nafasi ni moja tu

BintiMaabara_KGM

Habari zenu wadau wa maabara, na wakubwa wote shikamooni.

Naombeni ushauri wenu, hili jambo nimelizungusha kichwani mpaka limenichosha. Mimi ni mtaalam wa maabara hospitali ya wilaya huku mkoa wa Kigoma na ndio nimekabidhiwa mambo ya ubora, yaani SOP (taratibu za kazi), kontroo (sampuli za kuhakiki mashine), sampuli za EQA (zinazotoka nje kutupima sisi), malalamiko ya wodini, yote yanaishia mezani kwangu. Mwaka huu mganga mfawidhi kasema hela ya mafunzo kwa kitengo chetu inatosha mtu mmoja safari moja basi. Wenzangu wameniachia mimi, Mungu awabariki, sasa kuchagua ndio kazi.

Kuna kozi ya siku 5 Mwanza, ni ya ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba) toleo la 2022, unafundishwa unafanya mtihani unapewa cheti. Afu kuna kongamano la mwaka la chama chetu cha kitaaluma, safari hii Dodoma, siku 3, mada kibao mpaka zinaendeshwa kumbi tofauti kwa wakati mmoja. Ada ya kozi ni karibu mara mbili ya kongamano ila Dodoma nako safari ni ndefu kwa sisi wa huku kwahiyo ukijumlisha nauli na malazi hazipishani sana.

Mfawidhi anaegemea kozi. Anasema mtu akitoka kozi anarudi na kitu kinachoonekana, kongamano watu wanasikiliza hotuba za wageni rasmi wanarudi na begi na fulana. Hajakataa lakini, kasema nimwandikie sababu atazisoma.

Upande wangu iko hivi, kozi za ubora nimeshapita, SLMTA (mafunzo ya kuboresha maabara) tumepita, tunakaguliwa kwa orodha ya SLIPTA (ya WHO Afrika, nyota sifuri mpaka tano) na tupo nyota mbili, vifungu vingi navijua. Kinachoninyima usingizi ni sampuli za vijiji vya ziwani, Mwamgongo, Kagunga na kwingine ambako sampuli zinakuja kwa boti. Damu inatoka asubuhi inasubiri boti, boti inasubiri abiria, ziwa likichafuka ndio kabisa, ikifika kwangu aidha imehemolaizi (seli zimepasuka) au muda umepita na natakiwa kuikataa. Nikiikataa yule mama inabidi achomwe tena sindano na wengine hawarudi. Hili jambo kwenye kozi zote nilizokaa sijawahi kusikia mtu analigusa. Na huku hakuna wa kumuuliza, tuko wachache na wote tunajua yaleyale.

Sasa swali langu, kongamano linampa mtu kitu gani hasa ambacho kozi haimpi? Msiniambie yote mazuri tafadhali. Chagueni upande mnipe sababu, mimi nikaandike dokezo.

Mzee_wa_Hadubini (Tabora)

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kujali hao kina mama wa ziwani, wengi wanaandika "sample rejected" wanaendelea na mambo yao.

Mimi nakwambia nenda Dodoma na ntakueleza kwanini.

Kozi inafundisha kitu ambacho watu wameshakubaliana. Hilo ndio zuri lake na ndio mwisho wake. Angalia hiyo ISO yenyewe, toleo la kwanza 2003, likaja la 2007, la 2012, halafu hili la 2022. Toka la 2012 mpaka 2022 ni miaka kumi. Maana yake ukikosa kozi mwaka huu kile kitabu hakikimbii, mwakani kitakuwa kilekile, na kwa mtu aliyepita SLMTA mabadiliko makubwa anaweza kuyasoma mwenyewe: wameweka uzito mkubwa kwenye usimamizi wa vihatarishi, na vile vipimo vinavyofanyika kando ya mgonjwa ambavyo zamani vilikuwa na kiwango chake cha peke yake, ISO 22870, sasa vimeingizwa humohumo. Na namba za vifungu zimepangwa upya. Kaa nalo wiki mbili jioni utalielewa.

Sasa njoo kwenye vitu ambavyo havijafika kwenye kitabu. Wewe upo Kigoma mimi nipo Tabora, malaria tunaijua. Utafiti wa kitaifa wa 2017 mkoa wenu ndio uliongoza kwa maambukizi ya watoto chini ya miaka mitano, 24%, na ule wa 2022 tukaongoza sisi Tabora, 23%. Sasa Rwanda 2020 walitangaza vimelea vyenye badiliko la vinasaba linaloitwa R561H, ambalo linafanya dawa ya artemisinin ichelewe kusafisha damu. Baadaye likaonekana Kagera, upande wa Karagwe. Kagera na Kigoma ni majirani, mabasi yanashinda yanapishana. Dalili mojawapo ya hiyo hali ni mgonjwa ambaye kameza dawa vizuri lakini siku ya tatu bado vimelea vinaonekana kwenye slaidi. Sasa niambie nani wa kwanza kuliona hilo? Ni wewe hapo kwenye hadubini, ukiwa umehesabu vimelea kweli kweli sio kuandika misalaba (+, ++) tu. Mazungumzo ya namna hii yanaanzia kwenye makongamano, mtafiti anasimama na data yake mbichi, watu wanamhoji, mwingine anasema hata kwangu nimeona, na baada ya miaka kadhaa ndio inakuwa mwongozo, halafu ndio kozi.

Na Marburg (ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola) ya Biharamulo Januari 2025 sidhani kama umeisahau. Basi la Kigoma Mwanza linapita Nyakanazi, hapohapo Biharamulo. Mtu wa maabara wilayani anatakiwa asikie kwa waliokuwepo jinsi sampuli ilivyofungwa, nani aliisafirisha, walikosa nini siku ya kwanza. Hayo hayafundishwi kwa slaidi za mwalimu ambaye hakuwepo.

Ukipita Tabora utusalimie.

Kaka_wa_Ubora

Kwa heshima zote mzee wangu mimi napingana na wewe kwa hili.

Dada chukua kozi. Kongamano wasilisho moja ni dakika kumi, maswali mawili, mwenyekiti anasema muda umeisha anayefuata. Dakika kumi haziwezi kukufundisha kufanya kitu, zinakufundisha kwamba kipo. Kozi unakaa na mwalimu siku tano, unaandika tathmini ya vihatarishi ya maabara yako mwenyewe, mwalimu anaipitia anakwambia hapa umekosea rudia, unarudi na nyaraka iliyokamilika. Mtu asikudanganye, mkono unajifunza kwa kurudia, na hilo kongamano halina.

Pili suala la kumbukumbu. Siku mkiomba ithibati (utambuzi rasmi wa ubora wa maabara), tuseme SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC kule Botswana, mkaguzi anafungua faili la mtumishi. Anataka ushahidi kwamba anayefanya ukaguzi wa ndani amefundishwa na amepimwa. Cheti cha ushiriki wa kongamano hakijibu swali hilo. Maabara zilizokuwa na ithibati zilipewa mpaka Desemba 2025 kuhamia toleo jipya, kwahiyo mkaguzi yeyote atakayekuja sasa hivi anakuja na toleo jipya mkononi na wewe bado una la 2012 kichwani.

Kusoma mwenyewe jioni mzee ni wewe na nidhamu yako, wengi tukitoka zamu ya usiku hata jina hatulisomi.

BintiMaabara_KGM

Asante mzee, asante kaka, hapo sasa mmenigawa kabisa.

Kaka niongeze taarifa. Ithibati sio ya mwaka huu wala mwakani kwetu, nyota mbili maana yake tupo kati ya asilimia 65 na 74, kuna vitu vya jengo na umeme havijakaa sawa. Na kuna mwenzetu wa hospitali nyingine humuhumu mkoani kashafanya hiyo kozi ya toleo jipya, kasema yupo tayari kuja kukaa na sisi siku mbili na makabrasha yake, RLT (msimamizi wa maabara wa mkoa) kaunga mkono. Kwahiyo ile sehemu ya kujua vifungu naona kama ina njia nyingine. Ila hoja yako ya kurekebishwa kazi na mwalimu nimeielewa na ina uzito.

Mama_Kibondo

Mdogo wangu kama mwenzenu ana makabrasha na yuko tayari basi swali limeshajijibu nusu, kozi inaweza kukufuata ulipo. Kongamano haliwezi kukufuata, wale watu hawatakuja Kigoma wote kwa pamoja.

Na niseme kitu kuhusu hizo hotuba ambazo mfawidhi anazisema. Ni kweli zipo, asubuhi ya kwanza karibu yote inaondoka kwa ufunguzi. Lakini kongamano lenyewe liko kwenye foleni ya chai. Mimi nilikuwa na shida kama yako, sio ya boti, kwangu ni masika, barabara za huku vumbi lote linakuwa tope na pikipiki inayoleta sampuli inalala njiani. Nikakaa meza moja na mama mmoja simjui wala hanijui, tukaanza na stori za watoto, kumbe anafanya kazi Ukerewe, visiwani, sampuli zote boti. Ndani ya chai moja kanipa vitu ambavyo nilikuwa navitafuta muda wote.

Ntakuandikia aliyoniambia maana yanakuhusu kuliko mimi.

La kwanza alisema kabla hujalaumu boti kaangalie damu inavyochotwa. Sindano nyembamba kupita kiasi, muuguzi anavuta kwa nguvu, afu anaisukuma kwenye tyubu bila kutoa sindano, hapo seli zimeshapasuka kabla hata ya kufika ufukweni. Yeye alianza kuhemolaizi kupungua siku alipoenda zahanati kukaa na wauguzi wakachota pamoja, sio siku alipobadilisha boti.

La pili, damu nzima ya HVL (kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI) isisafiri ikiwa nzima kama kuna namna. Ile tyubu ya EDTA (yenye dawa ya kuzuia damu kuganda) saa zake zinahesabika, ndani ya saa 24 plazma (majimaji ya damu) inatakiwa iwe imeshatenganishwa, na ukitikisa damu nzima kwenye boti na jua lile la mchana unaimaliza. Wao walitafuta sentrifyuji ndogo (mashine ya kuzungusha damu itengane) ikakaa kwenye kituo cha afya kimoja chenye umeme wa uhakika, zahanati za jirani zinapeleka pale kwanza, inayopanda boti ni plazma kwenye kisanduku cha baridi.

La tatu DBS, lile tone la damu la kukausha kwenye karatasi, tunalijua wote kwa vipimo vya watoto wachanga. Halihitaji baridi, likikauka vizuri na likafungwa na vile vifuko vya kunyonya unyevu linavumilia safari. Ila hapo lazima maabara inayopokea ikubali na mwongozo uruhusu kwa kipimo unachokitaka, msianze kienyeji.

La nne ndio lilinifurahisha, walikaa na wenye boti na mwenyekiti wa kijiji wakakubaliana siku maalum za sampuli, kliniki ikapanga wagonjwa wa kuchotwa siku hizohizo. Kwahiyo damu haisubiri boti tena, ni boti inasubiri damu.

Mpaka leo yule mama tunapigiana simu. Mashine ikigoma, EQA ikirudi mbaya, nampigia. Wewe umesema huku hakuna wa kumuuliza, mimi nimekuelewa sana hapo kwasababu huku kwetu mtu wa maabara unaweza kukaa miaka ukidhani shida ni yako wewe tu na uzembe wako. Ukienda pale ukakuta mtu wa Mafia, mtu wa Ukerewe, mtu wa Mpanda wote wanalia kilio kimoja unapata nguvu, na unapata na majibu.

Jambo moja tu, usikae na mtu unayemfahamu. Watu wa mkoa mmoja wanasafiri pamoja, wanalala pamoja, wanakula meza moja mpaka wanarudi. Kila mlo kaa meza mpya.

Fundi_Vifaa_Tiba

Mimi sio wa maabara ni fundi wa vifaa tiba ila haya makongamano yenu huwa nahudhuria kwa sababu moja, mabanda. Kampuni zinazoleta mashine zote zinakuwa pale na sio mtu wa mauzo peke yake, mara nyingi wanakuja na injinia. Huku Kigoma mashine ya kemia ikifa unapiga simu makao makuu unaambiwa fundi atakuja akipata safari. Pale unakutana naye uso kwa uso, unamwonyesha picha ya error kwenye simu yako, unachukua namba yake mwenyewe.

Nenda na orodha: jina la mashine, namba yake, mwaka ilifungwa, mara ya mwisho kufanyiwa matengenezo, kitendanishi gani kinachelewa. Uliza mkataba wa matengenezo unasemaje na nani anausimamia. Usikubaliane chochote cha bei wala kupokea ahadi, hayo ni ya ununuzi na mfawidhi, wewe chukua taarifa tu urudi nazo.

Kaka_wa_Ubora

Mama Kibondo hayo ya Ukerewe ni dhahabu nakiri. Kama ndio kila anayeenda anarudi na vitu hivyo basi sina neno. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi hawarudi navyo, wanarudi na picha. Dada kama kwenda unaenda basi usiende kama msikilizaji.

Mtafiti_Ujiji

Hapohapo kaka umenigusa nilipotaka kuandika.

Dada wasilisha kazi. Naandika kwa herufi kubwa ili uone, WASILISHA KAZI. Tofauti ya mtu aliyeenda kusikiliza na mtu aliyeenda na bango lake ukutani ni kubwa sana, kwasababu ukiwa na bango wewe hutafuti watu, watu wanakutafuta. Umesimama pale na kichwa cha habari kinachosema sampuli za vijiji vya Ziwa Tanganyika zinakataliwa kwa sababu gani, kila mwenye ziwa, mwenye kisiwa, mwenye mto unaofurika atasimama. Hutahitaji bahati ya kukaa meza moja na mtu wa Ukerewe, atakuja mwenyewe.

Na kazi unayo tayari, hujui tu. Rejesta ya sampuli zilizokataliwa si unayo? SLIPTA inakulazimisha uwe nayo. Hiyo ndio data. Kaa chini hesabu kwa mwezi zilipokelewa ngapi zikakataliwa ngapi, kwa sababu ipi, kutoka kituo gani. Wengi wanadhani utafiti ni mpaka upate ufadhili na mashine ya mamilioni, sio kweli, mtu wa wilayani aliyehesabu vizuri kitu chake anaheshimika sana pale ukumbini maana watu wa vyuo vikuu hiyo data hawana. Wao wanayo mashine, huo ufuko wa Kagunga hawaujui.

Abstrakti (muhtasari wa kazi unaotuma ili ichaguliwe) ni fupi tu, mara nyingi maneno 250 mpaka 300, wanataka utangulizi, mbinu, matokeo na hitimisho. Utangulizi sentensi mbili, shida ni ipi na kwanini ni muhimu. Mbinu, ulipitia rejesta kuanzia lini mpaka lini. Matokeo ndio uyape nafasi kubwa, weka namba, watu wengi wanaandika "matokeo yatajadiliwa" na hapohapo wanakataliwa. Hitimisho unasema nini kifanyike. Usiandike maneno makubwa, anayepitia ana abstrakti nyingi kwenye kompyuta yake na anataka kuelewa kwa kusoma mara moja.

Mambo mawili ya kuwahi. Kibali kwanza: majina na namba za wagonjwa zisionekane popote, na uombe ruhusa kwa maandishi kwa mfawidhi na DMO (mganga mkuu wa wilaya) ya kutumia takwimu za kituo, uulize pia kama kamati ya maadili inahitajika kwa kazi ya aina hiyo. Halafu tarehe ya mwisho ya kupokea abstrakti huwa ni mapema sana kabla ya kongamano lenyewe, watu wanakosa kwa hilo tu. Angalia leo.

Na hata kama haitapokelewa, ile hesabu utakayoifanya peke yake itakusaidia kuliko siku tano za kozi yoyote, samahani kaka wa ubora.

Kaka_wa_Ubora

Hakuna samahani mkuu, umeongea kitu. Ukaguzi wa ndani mzuri ndio huohuo unaousema, viashiria vya ubora. Hata mkaguzi wa ithibati akiona ule uchambuzi anafurahi.

DLT_Mstaafu

Binti mimi nimekaa upande wa mfawidhi, nimekuwa DLT (msimamizi wa maabara wa wilaya), madokezo ya safari nimesoma mengi. Msimlaumu huyo mfawidhi. Tulikuwa tunatoa hela ya dawa kidogo iliyopo tunampeleka mtu, siku ya kwanza anasaini mahudhurio, siku ya pili yuko mjini kwa ndugu zake, anarudi hana hata ukurasa mmoja. Ukishaumwa hivyo kila anayekuja na neno kongamano unamwona ni yuleyule.

Kwahiyo dokezo lako lisizungumzie faida za makongamano kwa ujumla, hazimhusu. Anza na shida ya hospitali yake: sampuli kadhaa zimekataliwa kwa kipindi fulani kutoka vijiji hivi, gharama ya kurudia ni hii, wagonjwa waliopotea ni hawa. Halafu useme unaenda kutafuta nini hasa, ambatisha ratiba na upige mstari chini ya mada utakazohudhuria. Kama umewasilisha abstrakti ambatisha na yenyewe, maana jina la hospitali likisomwa ukumbini mbele ya wizara hiyo ni sifa yake pia, na hilo mfawidhi yeyote analielewa haraka. Mweleze kwamba kozi itafanyika ndani kwa msaada wa yule mwenzenu, kwahiyo hapotezi kitu, anapata vyote viwili kwa hela ya kimoja. Alama za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) zinahesabika kwenye leseni yako, zitaje kwa mstari mmoja usizifanye ndio sababu, akiona umeanza na alama atajua unajitafutia wewe.

Mwisho uahidi kitu chenye tarehe. Wiki ya pili baada ya kurudi ntakaa na wauguzi wa zahanati hizi na hizi, mwezi wa pili ntaleta taarifa ya sampuli zilizokataliwa tulinganishe na za nyuma. Mimi dokezo la namna hiyo sijawahi kulikataa.

Malazi tafuta gesti ya kawaida karibu na ukumbi, usikae ile hoteli ya kongamano, utaokoa hela nyingi tu na ukionyesha hiyo tofauti kwenye makadirio inasaidia.

Mzee_wa_Hadubini (Tabora)

Mwenzangu DLT umeandika vizuri sana. Niongeze dogo, asiende na rejesta ya HVL peke yake, achukue na slaidi chache za malaria zenye utata. Mara nyingi kunakuwa na wataalam wa kusoma slaidi pale, ukimwomba mtu kwa adabu wakati wa mapumziko anakaa na wewe. Hiyo nayo ni kozi tena ya mtu mmoja na mwalimu mmoja.

BintiMaabara_KGM

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nimesoma zote mara mbili, sijui niwashukuruje.

Nakwenda na Dodoma. Leo baada ya zamu nimekaa na rejesta kama kaka wa Ujiji alivyosema, nimeanza kuhesabu na tayari kuna kitu nimekiona ambacho sikukitegemea, kuna zahanati mbili zinatumia boti moja, njia moja, siku moja, lakini ya kwanza sampuli zake karibu zote ziko salama na ya pili ndio zinakuja zimehemolaizi. Kwahiyo Mama Kibondo yule rafiki yako wa Ukerewe yupo sahihi, boti sio mwenye kosa, au sio peke yake. Kesho kutwa naomba niende huko nikaone wanavyochota kabla hata ya dokezo.

Kuhusu slaidi mzee nimepokea, ntazipanga vizuri na kuondoa majina.

Swali la mwisho kwa Mtafiti_Ujiji, rejesta yetu sehemu ya sababu wengine wameandika tu "haifai", hakuna maelezo. Hizo nizitupe au niziweke?

Mtafiti_Ujiji

Usizitupe dada. Ziweke kundi la peke yake, "sababu haikuandikwa", na uzihesabu. Zikiwa nyingi hilo nalo ni tokeo na utaulizwa kuhusu hilo mbele ya bango. Kuanzia leo waambie wenzako kila inayokataliwa waandike saa iliyochotwa, saa iliyopokelewa na sababu, ili ukifika Dodoma uwe na miezi kadhaa iliyoandikwa vizuri ya kulinganisha. Tenganisha pia kwa zahanati kama ulivyoanza, usichanganye vijiji vyote vya ziwani kuwa kimoja, hiyo tofauti ya zahanati mbili kwenye boti moja ndio kichwa cha abstrakti yako. Ukimaliza nitumie inbox niipitie kabla hujaituma.